Msitu Ulilindwa, Jiko Likasahaulika

Mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe, ulijengwa pale ulipo kwa sababu ya hewa. Wajerumani walipojikita kusini-magharibi mwa koloni lao walianza na boma la ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wakaliita Langenburg. Joto na homa za ufukweni ziliwachosha, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakapandisha makao ya wilaya milimani, jirani na Mlima Rungwe, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500, wakapaita Neu-Langenburg. Waingereza waliuteka mji huo mwaka 1916, na jina la Tukuyu ndilo lililobaki. Ronald Ross alikuwa ameshathibitisha mwaka 1897 kwamba malaria husambazwa na mbu, lakini imani kwamba afya ya mtu hutegemea upepo wa mahali anapoishi haikufa upesi, na kwa kweli mlimani mbu walikuwa wachache. Kuanzia hapo serikali zote tatu zilizopita Tukuyu, ya Mjerumani, ya Mwingereza na ya wananchi wenyewe, zimeitazama hewa ya Rungwe kama jambo la nje ya nyumba: upepo wa mlimani, ukungu wa msituni, mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Hewa ya ndani, ile ambayo mama na mtoto wa Bulyaga, kata ya mjini Tukuyu, huivuta wakiwa wameinamia mafiga asubuhi na jioni, ilichukuliwa kuwa ni shauri la mwenye nyumba. Nadhani hapo ndipo tulipokosea, na kosa hilo limetufuata hadi leo, wakati taifa linataka kusafisha hewa na kupunguza gesijoto kwa mpigo mmoja. Moto unaotoa moshi unaoumiza kifua ni ule ule unaomaliza miti na kuongeza joto la dunia. Anayeshughulikia msitu bila kugusa jiko ameshika nusu ya kazi, na ndiyo nusu iliyo nyepesi.

Ili kuona jinsi jambo lilivyokuwa, turudi kwenye nyumba za kale. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita nchi ya Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, mwaka 1879 akiongoza msafara wa Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza, alistaajabia usafi wa vijiji, migomba iliyozunguka nyumba, na nyumba zenyewe zilizojengwa kwa mianzi kwa ustadi mkubwa. Zaidi ya nusu karne baadaye, kati ya 1934 na 1938, Godfrey na Monica Wilson waliishi na Wanyakyusa na kuchunguza maisha yao kwa kina. Kitabu cha Monica cha mwaka 1951 ndicho kilichoujulisha ulimwengu vijiji vya marika: wavulana wa rika moja waliondoka nyumbani kwa wazazi wakajenga kijiji chao, lakini chakula waliendelea kula kwa mama zao, wakienda kikundi kizima kutoka nyumba hadi nyumba. Jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Maana yake jiko la mwanamke wa Kinyakyusa halikuwa mali ya nyumba moja. Lililisha rika zima la vijana ambao kesho wangekuwa wenye nchi. Kuni alizokata, maji aliyoteka na moshi aliouvuta vilikuwa gharama ya kuendesha jamii. Hata hivyo, watawala waliokuja na daftari la kodi walihesabu nyumba na ng'ombe, na jiko likaachwa kuwa kazi ya mwanamke.

Nyumba hizo za kale zilikuwa na moshi pia, na sitaki kuzipamba. Ng'ombe walilala ndani pamoja na watu, moto ukikokwa. Lakini paa la nyasi hupumua: moshi hupenya polepole kwenye nyasi na kutoka, ukiacha masizi yanayowafukuza wadudu waharibifu. Nyumba ya mianzi na nyasi na moto wa mafiga matatu vilikwenda pamoja, kila kimoja kikimsaidia mwenzake. Kilichotokea baada ya wamisionari wa Kimoravian na wa Berlin kufika mwaka 1891 ni kwamba nyumba ilianza kubadilika na moto haukubadilika. Likaja tofali, kisha tofali la kuchoma, kisha bati. Tofali la kuchoma lenyewe linataka tanuri, na tanuri linataka kuni nyingi. Bati halipenyezi moshi. Madirisha yakawa madogo kwa sababu ya baridi, maana usiku wa Juni na Julai huko Tukuyu ni wa baridi kali. Kwa hiyo familia iliyopata maendeleo ikajikuta imejifungia na moshi kuliko bibi yake alivyojifungia. Bulyaga, kwa kuwa ni sehemu ya mji, iliyapokea mabadiliko haya mapema kuliko vijiji vya pembeni, na ikaongeza jingine: viwanja vidogo vya mjini havina miti ya kutosha kuni za mwaka, kwa hiyo kuni zikawa za kununua, na baada ya kuni mkaa.

Mkaa ndio uliouunganisha mji na msitu kwa namna mpya. Gunia la mkaa linalouzwa mjini ni miti iliyochomwa mbali, chini ya udongo, kwa siku kadhaa, na sehemu kubwa ya nguvu ya mti huo hupotea palepale kwenye tanuri. Pamoja na hewa ukaa hutoka methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 20 hupasha joto anga takriban mara 80 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Mpishi wa mjini haoni moshi wa tanuri hilo. Jiko lake la mkaa linawaka bila moshi mwingi, akadhani amepata nafuu, kumbe moshi umeachwa kijijini na hewa yenye sumu, monoksidi ya kaboni, imebaki chumbani bila rangi wala harufu. Kila msimu wa baridi Tanzania husikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa ndani wasiamke.

Ukitaka kuona moto uliosimamiwa vizuri zaidi Rungwe, tazama kiwanda cha chai. Wajerumani walijaribu chai Kyimbila mwaka 1904, miaka miwili tu baada ya Amani kule Usambara. Kilimo cha biashara kilishika kasi katika miaka ya 1920 na 1930, na baada ya uhuru wakulima wadogo wakaingizwa kwa wingi, hasa Mamlaka ya Chai ilipoundwa mwaka 1968. Jani bichi la chai limejaa maji. Zinahitajika kilo nne na zaidi za majani kupata kilo moja ya chai kavu, na maji hayo yote huondolewa kwa hewa ya moto: kwanza majani hunyaushwa, husagwa, huachwa yachachuke hadi yageuke rangi ya shaba, kisha hukaushwa. Moto wa kazi hiyo viwandani Rungwe, kama Katumba na Mwakaleli, umetegemea kuni, hasa za mikaratusi. Mashamba ya mikaratusi yalipandwa kwa ajili hiyo. Kuni hupimwa, hukaushwa, huingizwa kwenye boila, na moshi hupandishwa kwa bomba refu juu ya vichwa vya wafanyakazi. Sisemi viwanda havina lawama, maana mikaratusi hunywa maji mengi na moshi wa bomba haupotei, unahama tu. Ninachosema ni kwamba mahali ambapo moto huo unahesabika kuwa kazi yenye thamani, mtu hupanga kuni zake, huzikausha, hununua chombo kizuri cha kuziunguzia na hujenga njia ya moshi. Mchuma chai aliyetoka shambani jioni hurudi nyumbani kwenye mafiga matatu, kuni mbichi zilizoloa mvua, na hakuna bomba. Tofauti ya mioto hiyo miwili haitokani na elimu wala utamaduni. Imetokana na nani aliyewekeza mtaji wapi.

Serikali ya uhuru nayo ilikaribia jiko mara mbili na kulipita. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni kubwa ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya, ambayo vikundi vyake vya kusikiliza viliwafikia watu wapatao milioni mbili. Ilifundisha kuhusu malaria, kuhara damu, minyoo, kichocho na kifua kikuu, na watu walichimba vyoo kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana. Ilisisitiza usafi wa maji, na njia iliyo karibu na kila nyumba ya kuyasafisha maji ni kuyachemsha, yaani kuni zaidi. Mwaka 1980 ikaja kampeni ya Misitu ni Mali, nayo ikahimiza kupanda na kutunza miti. Zote mbili zilikuwa kazi njema, na wazee walioshiriki wanastahili heshima. Lakini ziangalie kwa pamoja: moja ilikuwa upande huu wa moto, ikijali kinachochemshwa; nyingine ilikuwa upande ule, ikijali kinachochomwa. Moto wenyewe, na mtu aliyekaa mbele yake, havikupata kampeni ya namna hiyo. Wakati huohuo nimonia ilikuwa ikiua watoto wadogo, na leo tunajua kwamba moshi wa jikoni ni mojawapo ya sababu zake kubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020 peke yake.

Lakini upande wa msitu kazi imeendelea bila kukatika. Msitu wa Mlima Rungwe ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1949, kwa ajili ya vyanzo vya maji, na mwaka 2009 ukapandishwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Katikati ya hapo, mwaka 2003, watafiti walimgundua kipunji, tumbili ambaye sayansi haikuwa inamjua, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe inayobeba jina la Rungwe. Mwaka 2008 Norwei na Tanzania ziliingia ubia wa fedha za kupunguza uharibifu wa misitu, na misitu ya nyanda za juu kusini, Rungwe ikiwemo, ikaingizwa katika miradi ya majaribio ya kupima kaboni. Nafurahia yote haya. Mlima huu ndio unaonywesha chai na migomba, na kipunji hana nyumba nyingine duniani zaidi ya milima ya huku na sehemu ndogo ya Udzungwa. Ila tazama nani alibeba gharama. Aliyeambiwa asikate mti ni mtu wa kijiji kinachopakana na msitu. Mpishi wa Bulyaga aliyenunua mkaa hakupewa jiko lingine, kwa hiyo hakuacha kununua mkaa. Alinunua uliotoka mbali zaidi, kwa bei ya juu zaidi. Nchi nzima ilikuwa ikipoteza zaidi ya hekta 400,000 za misitu kwa mwaka kwa hesabu za serikali zenyewe. Askari wa misitu peke yake hawezi kuzuia hali hiyo iwapo soko la mkaa liko pale pale.

Mtu anaweza kusema kwamba sheria zimewahi kusafisha hewa, na ni kweli. Afrika kusini mwa Sahara iliacha petroli yenye risasi kufikia Januari 2006, na nchi za Afrika Mashariki zikakubaliana kushusha kiberiti katika dizeli kuanzia mwaka 2015. Kanuni za Tanzania za viwango vya hewa zilitoka mwaka 2007, na mwaka 2008 mawaziri wa kanda hii walikubaliana Nairobi kushirikiana dhidi ya uchafuzi wa hewa. Malori yanayopanda kutoka Uyole, yakapita Tukuyu kuelekea mpaka wa Kasumulu na Malawi, yanachafua hewa ya mji kidogo kuliko ambavyo yangeichafua bila makubaliano hayo. Lakini mafuta ya gari huingia kwa meli, kupitia waagizaji wachache wanaojulikana kwa majina. Ukiwabana hao, umebana nchi nzima. Jiko la kuni lina mamilioni ya milango. Haliwezi kubadilishwa kwa amri. Linabadilika pale familia inapopata kitu kingine kinachoivisha maharage kwa bei inayolipika.

Hoja nzito zaidi ni ile inayodai kwamba kuni za Rungwe hazina hatia. Mkaratusi huota tena, wanasema, na kaboni iliyotoka motoni hurudi katika mti mpya. Kwa kuni za shamba linalopandwa upya, hesabu hiyo ya hewa ukaa inakubalika, na huko vijijini watu wengi wana miti yao wenyewe. Lakini mti mpya haurudishi methani wala masizi, na masizi hayo ndiyo yanayokaa kwenye mapafu. Shirika la Afya Duniani linashauri chembe ndogo zisizidi mikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo wa hewa kwa wastani wa mwaka. Chumba chenye moto wa kuni mbichi hufikia mamia. Hata kama msitu ungekuwa haupungui, mtoto angeendelea kukohoa.

Wengine huelekeza kidole kwenye mlima. Ardhi ya Rungwe ni ya volkano: Kyejo ililipuka mara ya mwisho yapata mwaka 1800, na hadi leo hewa ukaa hutoka ardhini kwa wingi kiasi kwamba kampuni ya TOL huivuna kutoka visimani na kuwauzia watengenezaji wa soda na bia. Kama mlima wenyewe unatoa gesi, jiko la mama linabadilisha nini? Linabadilisha. Gesi ya mlimani imekuwa ikitoka tangu zamani sana na imo katika hesabu ya anga tuliyoizoea. Haibebi masizi na haikati mti. Volkano hiyohiyo pia inatupa njia: kampuni ya taifa ya jotoardhi, iliyoanzishwa mwaka 2013, inatafuta mvuke wa kuzalisha umeme Ngozi na Kiejo-Mbaka. Umeme huo ukipatikana, na ukiuzwa kwa bei ya mpishi na si ya kiwanda tu, mlima utakuwa umelipia gesi yake.

Na kuna wanaouliza kwa uchungu kwa nini Mtanzania ajinyime, wakati hewa ukaa anayoitoa kutokana na petroli, makaa ya mawe na gesi haifiki nusu tani kwa mwaka, na Mmarekani anatoa zaidi ya tani 13. Swali hili ni la haki. Jibu langu ni kwamba hapa hatumwombi mtu ajinyime. Jiko safi ni nafuu kwake kwanza, na dunia inanufaika baadaye. Kwa sababu hiyohiyo sikubaliani na wanaoukataa mtungi wa gesi eti kwa kuwa gesi hutoka ardhini. Familia ya mjini ikiacha mkaa wa msituni na kupikia gesi, afya yake na msitu vyote vinapona, na gesijoto inayobaki ni ndogo kuliko ile ya tanuri la mkaa. Nina mashaka zaidi na vitofali vya makaa ya mawe, kama vile Rafiki Briquettes ambavyo shirika la madini la taifa, STAMICO, huvitengeneza kwa makaa ya Kiwira-Kabulo, si mbali na Tukuyu. Vinaokoa miti, na hilo ni jema, ila kaboni yake ilizikwa kwa mamilioni ya miaka na hakuna mti utakaoirudisha. Viwe daraja la kuvukia kwa taasisi kubwa, visiwe makao.

Njia iliyo karibu zaidi na maisha ya Rungwe, kwa maoni yangu, ni ya ng'ombe. Watu wa huku walifuga tangu kale, na ufugaji wa maziwa wa kuwafungia zizini na kuwakatia majani umeenea kwa miongo kadhaa, hadi kwenye viwanja vya pembeni mwa mji. Ng'ombe wawili wa namna hiyo wanatosha kulisha mtambo mdogo wa biogesi. Samadi iliyorundikwa hutoa methani angani. Ikiingizwa kwenye shimo lililofunikwa, methani hiyo hupika ugali, na tope linalobaki hurudi kwenye migomba. CAMARTEC, taasisi ya serikali ya teknolojia za vijijini iliyoko Arusha, imekuwa ikisambaza teknolojia hii tangu miaka ya 1980. Kinachozuia si ufundi, ni gharama ya mwanzo: saruji, mabomba na fundi, pesa ambazo mwenye ng'ombe wawili hazishiki kwa pamoja. Na ndizi na maharage, vyakula vya Rungwe vinavyokaa motoni kwa muda mrefu, ndivyo vinavyofanya mtungi wa gesi uishe haraka na mtu arudi kwenye kuni. Mpango wowote ambao haujahesabu sufuria ya maharage utashindwa Tukuyu.

Mwaka 2024 hatimaye jiko liliingia katika sera. Serikali ilikataza kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100, kwa awamu, na mwezi Mei Rais Samia Suluhu Hassan akazindua mkakati wa miaka kumi wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mkakati umeanza na taasisi, na ni sawa kuanzia hapo, kwa kuwa shule ina bajeti. Lakini kama mama wa Kinyakyusa alivyolisha rika zima bila kuwa taasisi, vivyo hivyo jiko la nyumbani leo linastahili fedha za umma. Fedha zipo njiani. Wilayani Tanganyika, mkoani Katavi, vijiji vinane vinavyotunza msitu wa Ntakata vimepata mabilioni ya shilingi kwa kuuza kaboni, na vimejenga madarasa na zahanati. Siku Rungwe itakapouza kaboni ya mlima wake, madiwani wa Bulyaga na kata jirani wadai fungu lake litajwe kwa maandishi: mikopo ya mitambo ya biogesi, ruzuku ya mitungi ya gesi na majiko ya umeme kwa nyumba zinazopika kwa kuni na mkaa. Wadai kabla mkataba haujasainiwa.